Shinyanga hadi Geita: Sogea, usivute picha

Ukitoka Shinyanga mjini kuelekea Kahama, kinachomfanya abiria atoe simu mfukoni ni mawe. Yamebebana juu ya vilima kana kwamba kuna mtu aliyapanga, na chini yake ng'ombe wanakula majani. Basi linakimbia, mawe yako mbali, vidole viwili vinatanuka juu ya kioo na picha inavutwa. Jioni ukiifungua kwa utulivu, mawe yamekuwa kama uji ulioganda na ng'ombe ni madoa.

Wengi hulaumu simu kuwa ni ya bei rahisi. Ukweli ni kwamba kamera nyingi za simu hazivuti chochote. Zinakata.

Mkoa huu unajua habari za kukata. Mwaka 1947 mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioanzishwa na John Williamson, ulitoa jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, akazawadiwa Elizabeth wa Uingereza, wakati huo binti mfalme, kwa harusi yake. Lilipochongwa zikabaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ilikwenda, lakini kilichobaki kiling'aa. Picha ikikatwa na simu, kinachobaki haking'ai.

Chukua simu ya megapikseli 12, yaani nukta milioni 12. Ukivuta mara 2, inabaki robo ya katikati tu, nukta milioni 3. Ukivuta mara 4, unabaki na sehemu moja kati ya 16. Ukifika mara 10 una nukta 120,000, ambazo programu ya simu inazitanua zijaze picha nzima, na mapengo inayajaza kwa kukisia. Ongeza vumbi la kiangazi lililo kati yako na kilima, na mkono unaotikisika, navyo vyote vinakuzwa. Simu za bei kubwa zina lenzi ya pili ya kuvutia vitu vya mbali. Hizo zina nafuu, ingawa nazo zina mwisho wake.

Baada ya Kahama unapita Kakola, kwenye mgodi wa Bulyanhulu, kisha unaingia Geita. Huku vishawishi vya kuvuta picha ni vingi zaidi, kwa sababu watu wanaogopa kusogea. Kwenye mialo ya wachimbaji wadogo, wageni husimama barabarani na kuwavuta watu kwa simu kimyakimya. Wachimbaji hawapendi, na mimi nawaelewa. Nani anapenda kupigwa picha kwa kuviziwa akiwa kazini, amejaa tope?

Mimi nilitaka mikono tu, maana zebaki huchanganywa na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu. Nilimsalimia mzee msimamizi, akaniuliza picha inakwenda wapi. Nikamwambia gazetini, bila sura. Akaniruhusu. Nilisogea hadi kwenye karai, nikapiga bila kuvuta, na kwenye picha ile kucha zinaonekana, hata vishanga vya zebaki katikati ya vidole. Ilipofika saa ya kuchoma ndipo nilikaa mbali upande unakotoka upepo, maana mvuke wa zebaki hauonekani na unaumiza ubongo na figo. Pale picha ya mbali ilinitosha kabisa.

Nyarugusu nilimkuta mama aliyekuwa amempiga picha mwanawe mwenye upele mgongoni. Alikuwa amesimama mlangoni, mtoto yuko kitandani gizani, akavuta. Akamtumia wifi yake, muuguzi Mwanza. Jibu lilikuwa fupi: "Wifi, hapa naona rangi tu." Simu ilikuwa imelainisha ngozi na kufuta vile vipele vidogo, ambavyo ndivyo muuguzi alivyotaka kuviona.

Tulimtoa mtoto kivulini penye mwanga. Mama akashika simu kama sentimita 30 kutoka mgongoni, akagusa kioo palipo na upele ili kamera ipalenge, akapiga bila kuvuta. Ukisogea mno picha nayo inafifia, kwa hiyo rudi nyuma kidogo. Kama ni kukata, utakata baadaye na picha nzima utabaki nayo. Aliweka sarafu ya shilingi 200 pembeni ili ukubwa ujulikane. Akapiga nyingine ya mgongo wote, maana muuguzi anataka kujua upele umeenea wapi. Kwenye WhatsApp tulizituma kama faili, kwa sababu ukituma kawaida picha hupunguzwa tena njiani.

Safari hii wifi alirudi na maswali: umeanza lini, anajikuna usiku, ana homa, nani mwingine nyumbani anawashwa? Mama alipojibu kwamba hata dada yake mkubwa anajikuna, wifi akamwambia kesho asubuhi awapeleke wote wawili zahanati, na asiwapake kitu chochote kabla hawajaonwa.