Miti iliyobaki juu ya chemchemi

Juma hili zamu ya kuandika imefikia kikundi chetu cha mlimani. Wenzetu wameandika juu ya sabuni, juu ya likelemba, juu ya kunyonyesha. Sisi tutaandika juu ya ndege. Tunajua mtacheka. Sisi pia tulicheka.

Kabla ya mwaka huu, kwetu sisi kupanda mlima bila kitunga mgongoni kulikuwa ni uvivu. Mlimani tunakwenda kutafuta kuni, majani ya mbuzi, au kulima maharagi. Darubini tulikuwa tumeiona shingoni mwa watalii tu, wakipita Miti kwenda Tshivanga kuwatazama gorila.

Ilianza kwa kazi ya masomo. Binti wa mwenzetu mmoja aliambiwa na mwalimu aandike majina ya ndege wote atakaowaona au kuwasikia karibu na nyumbani kwa juma moja. Siku ya nne alikuwa na majina 11. Mama yake, aliyekuwa anachambua maharagi, aliomba asomewe orodha hiyo, kisha akaongeza 9 bila kuinuka kitini: yule anayelia mvua ikikaribia, yule anayemfuata ng'ombe, yule mweusi na mweupe anayetikisa mkia kando ya maji, na wengine. Binti alikuwa na majina ya Kifaransa, mama alikuwa na majina ya Mashi, na hakuna aliyekuwa amewahi kumwuliza mwenzake.

Daftari hilo lilifika kwenye mkutano wetu. Kabla chai haijapoa tulikuwa tumefikia 37. Mama mzee kuliko sisi sote, ambaye hajui kusoma, ndiye aliyetoa mengi zaidi. Tulijiuliza: tunawajua wote hawa, lakini ni nani kati yetu aliyewahi kusimama akamtazama hata mmoja?

Basi tukaanza kutoka kila Jumapili saa kumi jioni, baada ya kanisa na chakula. Sheria zetu ni chache. Tunatembea wawili wawili, tunasema kwa sauti ya chini, watoto wanaacha manati nyumbani, na mmoja wao anabeba daftari. Darubini ni moja, mwalimu ametuazima, nayo inazunguka mikononi kama kikombe cha harusi.

Tuwaambie tuliyojifunza. Chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda, anapochovya mdomo katika ua moja na kwenda katika lingine, anahamisha chavua, na bila chavua maua mengi hayazai mbegu. Mbayuwayu wanaopita juu ya mashamba yetu wakati wa mvua za mwisho wa mwaka, wengi wao wametoka Ulaya wakikimbia baridi, na mwezi wa tatu au wa nne wanarudi huko kuzaa. Kipanga anayekaa juu ya mti mkavu tulikuwa tunamfukuza kwa sababu ya vifaranga. Ni kweli, huchukua kifaranga mara moja moja. Lakini siku tulizomtazama kwa uvumilivu, alichoinuka nacho kilikuwa panya.

Kuhusu bundi tulikuwa na ugomvi wa kweli. Alikuwa analia usiku karibu na ghala letu la mahindi, na wengine kati yetu walitaka vijana wamwue kabla hajaleta msiba. Chini ya mti wake tuliokota vidonge vikavu, kama vya mavi lakini si mavi. Mwalimu alitueleza kwamba bundi humeza mnyama mzima, kisha hutapika asichoweza kusaga tumboni. Tulivifungua kwa kijiti. Ndani mlikuwa na manyoya na mifupa midogo, na fuvu la panya lenye meno ya manjano. Yule mama mwenye ghala alisema, “Kumbe huyu ndiye mlinzi wangu, wala hanidai mshahara.” Bundi yuko hai hadi leo. Katika milima ya Itombwe, kusini ya kwetu, kuna bundi mwingine aliyepatikana mwaka 1951, kisha wataalamu hawakumpata tena mkononi mpaka 1996, aliponaswa katika wavu. Dunia nzima ya wapenda ndege inamtafuta huyo, nasi tulikuwa karibu kumpiga mawe ndugu yake.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Shamba la kikundi liko juu ya bonde dogo. Upande wa chini tulipanda mikaratusi miaka mingi iliyopita. Upande wa juu, mahali penye mteremko mkali, kuna miti ya asili iliyobaki: mikuyu, miti ya maua mekundu na mingine tunayoiita kwa Mashi tu. Chini ya miti hiyo ndipo inapotoka chemchemi yetu.

Mwezi wa nane, shule zikiwa karibu kufunguliwa, mfanyabiashara wa makala alikuja. Alitaka miti yote, ya juu na ya chini. Tulihesabu pesa hizo vichwani mwetu na kuona zitatosha masomo ya watoto wote wa kikundi kwa mihula miwili. Tukakubali. Akaacha avansi ya dola 60, tukaigawanya siku ile ile.

Jumapili iliyofuata tulipanda kule juu, pengine kwa kuaga. Ndipo tulipomwona turako. Ni ndege mkubwa kama kuku mdogo, mwili wake wa zambarau nyeusi, mdomo wa manjano, na juu ya kichwa ushungi mwekundu. Alikuwa anakula matunda ya mkuyu. Alipofungua mabawa kuruka, yaliwaka mekundu kama makala ya moto. Mwalimu alitwambia kwamba wekundu ule una shaba ndani yake, shaba ambayo ndege huyo huipata katika chakula chake. Tulicheka: hata ndege wa Kongo anachimba! Lakini mama mzee hakucheka. Alionyesha mche mdogo wa mkuyu uliokuwa umeota pembeni ya jabali, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kupanda. “Huyu ndiye aliyepanda,” alisema. “Anakula huku, anaangusha mbegu kule.”

Kisha alituuliza kama tunakumbuka chemchemi ya mlima wa pili. Tulikumbuka. Watu walikata miti yake yote kwa makala. Mvua za kwanza ziliteremsha udongo mpaka kwenye maharagi ya watu, na kiangazi kilichofuata maji yakawa tope la kuchota kwa kikombe. Miti huvunja nguvu ya mvua, majani yanayooza chini hushika maji kama sifongo, na mizizi huyasaidia kuingia ardhini. Hayo tuliyajua bila kufundishwa. Tulikuwa tumeyaweka kando kwa sababu ya dola.

Mkutano wa juma hilo ulikuwa mgumu. Mwenzetu mmoja, mjane, mwenye watoto wanne, alisimama akasema, “Ndege hawalipi masomo. Mnataka watoto wangu wakae nyumbani ili ninyi mtazame mabawa?” Hatukuwa na jibu zuri, na hata leo hatudai kwamba tunalo. Mwingine alikumbusha yaliyopita: tangu mbuga ya Kahuzi-Biega ilipoundwa mwaka 1970, Batwa waliondolewa katika msitu wa mababu zao, na mpaka leo wengi hawana ardhi. Kwa watu wa huku, neno “kulinda msitu” lina maana ya kufukuzwa na mwenye bunduki. Je, sisi tunataka kuanza mchezo huo huo juu ya wamama wenzetu?

Swali hilo lilituokoa, maana lilitulazimisha kuona tofauti. Msitu ukilindwa dhidi ya watu wanaoujua, watu wanauchukia. Itombwe ilitangazwa hifadhi mwaka 2006, lakini ilichukua miaka mingi ya kukaa na wakaaji, kijiji kwa kijiji, kukubaliana mipaka. Sisi bonde letu ni dogo, tunaweza kulizunguka kabla ugali haujaiva. Mpaka wake tungeweza kuukubali sisi wenyewe, kwa kura, na gharama yake tuibebe sisi sote, asiachiwe mjane peke yake.

Tulipiga kura. Mikaratusi ya chini tuliiuza, na mfanyabiashara akahesabu avansi yake humo. Miti ya juu tuliizuia. Pesa zikapungua zaidi ya nusu. Kwa hiyo tuliamua kwamba watoto wa mjane walipiwe kwanza, muhula mzima, na sisi wengine tujaze pengo kwa likelemba na kwa kuuza maharagi. Watoto wawili wa kikundi walichelewa kuingia darasani karibu mwezi mmoja. Mmoja wao ni mtoto wa katibu wetu. Hatufichi hilo, kwa sababu mtu akikwambia kwamba kulinda miti hakuna gharama, huenda analipa mwingine.

Mama mmoja alitoka katika kikundi siku ile. Alisema tumekuwa watoto. Mjane alibaki.

Mahali pa mikaratusi tunapanda sasa miti ya aina mbalimbali, tukiacha nafasi kwa majani ya mbuzi. Kuni tunaokota zilizoanguka tu, siku mbili kwa juma. Majiko yetu ya udongo yanatumia kuni kidogo kuliko mafiga matatu, na anayetaka kujifunza kuyafinyanga aje, tutamfundisha bure.

Daftari limefika ndege 52. Binti anasema anataka kuwa mwongozaji wa wageni, na kuna siku atamtafuta yule ndege mdogo wa kijani mwenye koo la buluu, ambaye duniani anaishi katika milima hii yetu ya mashariki na katika msitu wa Bwindi kule Uganda tu. Mama yake anamwambia amalize masomo kwanza.

Wamama wenzetu, anzeni na daftari moja na bibi mmoja. Mwulizeni bibi ndege gani walikuwepo alipokuwa msichana, na wapi walikuwa wanalala. Mtashangaa ni wangapi bado wapo, na mtahuzunika kidogo pia. Mkitaka kutembea nasi, tunakutana Jumapili saa kumi kwenye chemchemi. Vaeni viatu vya kushika tope, na msivae nguo zenye rangi kali.

Mama aliyetuacha bado anateka maji pale pale. Tukikutana tunasalimiana, tunasaidiana kujitwisha ndoo. Juma lililopita alitazama juu kwenye mkuyu, akauliza, “Yule mwekundu bado anakuja?” Tukamwambia anakuja, asubuhi zaidi kuliko jioni.