Udongo wa Msimbu

Nimerudi chuo jana toka Msimbu, kucha bado zina udongo. Bibi alitaka kuuza kipande cha shamba la mihogo ili nimalizie ada. Mimi nikaona poa tu, shamba si mali kama mali nyingine?

Jioni nikafungua daftari la Kiebrania, kuna testi wiki hii. Mwanzo sura ya 2: mtu ni adam, ardhi ni adama. Mtu na udongo wake, jina karibu moja. Mstari wa 15 Biblia yetu inasema "ailime", lakini kitenzi chenyewe ni avad: kufanya kazi, na pia kutumikia, hata kumtumikia Mungu. Ni ndugu wa neno la Kiarabu lililotupa "ibada" na "kuabudu".

Nikamweleza bibi, naye ni Mwislamu. Akacheka: "Sasa mume wangu, si ndiyo maana tunaitwa binadamu? Wana wa Adamu. Kwani hukujua?"

Jamani, nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo neno!

Asubuhi nikamwomba asiuze. Ada sijui nitaitoa wapi, na mwisho wa kulipa unakaribia. Nyie mngefanyaje?