Mzee, Mjukuu na Injini Kuukuu

Ndugu msomaji, pengine nawe unaye mzee nyumbani ambaye kila Jumapili, watu warudipo kutoka ibadani, huvua shati lake jeupe, akavaa ovaroli lenye madoa ya oili na kwenda kuinamia gari lisilokwenda. Hapa Runzewe mzee huyo ni mimi. Malori ya Lusahunga hupita barabarani usiku na mchana. Gari langu, Peugeot 404, limesimama chini ya mwembe tangu mwaka jana.

Nililinunua mwaka 1986, Runzewe ingali mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012 tumo mkoa wa Geita, nalo gari lingali langu. Vijana huliita chuma chakavu. Hawakuwako miaka ile gari la namna hii liliposhinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 usukani aliushika Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na mwenzake Chris Rothwell. Sisi watoto tulijiona tumeshinda naye.

Injini yake ina silinda 4, nayo imelazwa ubavu kwa nyuzi 45. Pistoni zake hutembea ndani ya slivu zinazochomoleka, zilizozungukwa na maji. Slivu ikilika, hubadilishwa bila kulipeleka bloku mjini kuchongwa. Lakini jihadhari: hedi ikishafunguliwa, slivu hazina kitu cha kuzishikilia. Ukiizungusha injini, pistoni huzinyanyua, nayo maji hupata njia ya kushukia kwenye oili.

Jambo hilo nilikuwa nalijua vema. Hata hivyo, mwaka jana, hedi ikiwa mezani, niliizungusha injini kwa mkono wa chuma ili nisafishe vichwa vya pistoni. Nilikuwa nimesahau kabisa. Tulipofunga hedi na kuwasha, gari liliunguruma vizuri. Jioni nilipochomoa kijiti cha kupimia oili, rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa.

Nami nilifanya nini, ndugu msomaji? Nilimgeukia mjukuu wangu, binti wa kidato cha pili, aliyesafisha mahali pa kukalia gasketi. Nilimwambia kwamba hakusafisha sawasawa. Hakunijibu. Aliweka spana chini, akanawa mikono, akaingia ndani. Kwa miezi minne hakukanyaga tena chini ya mwembe.

Katika miezi hiyo niliifungua injini peke yangu, na kila nati iliniumiza vidole. Nilipoifikia slivu ya tatu niliikuta imenyanyuka, na mchanga umeingia chini yake. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yangu: gasketi haikuwa na kosa, wala mtoto hakuwa na kosa.

Niliona aibu kwa siku mbili. Siku ya tatu nilimwita, nikamwonyesha slivu ile na kumwambia, "Mjukuu wangu, niliyekosea ni mimi. Nisamehe." Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Sasa babu, zinazuiwaje zisinyanyuke?"

Nilimwonyesha jinsi ya kuzibana kwa bolti na washa pana. Siku hizi yeye ndiye hukaza, kwa kuwa mikono yangu hutetemeka. Mimi hukaa kigodani na kumkumbusha kwamba bolti za hedi huanziwa katikati kuelekea pembeni, kidogo kidogo, kwa zamu. Mara nyingine ninarudia agizo lile lile, naye hunivumilia.

Gari bado halijawaka. Tunangoja mipira ya slivu kutoka mjini. Lakini wewe uliye mzazi, kama kuna mtoto nyumbani mwako anayebeba kosa ambalo ni lako, usingoje miezi minne kama mimi. Mwite leo.