Mshumaa wa Faraday na Mwani wa Paje

London

Shangazi yangu mpenzi,

Elimu niliyoifuata huku imenigeukia kwa sura nisiyoitaraji. Kwani baada ya miaka miwili ya kuuchungua mwani maabarani, mwalimu wangu amenitaka niueleze ugonjwa wa mwani huo kwa ukurasa mmoja tu, nikimwandikia yule aufungaye kambani huko Paje, wala si yule atakayenitahini.

Nilimpelekea kwanza rasimu ya Kiingereza iliyoanza kwa kusema kuwa imebainika halijoto huathiri tishu. Akaipiga mstari mwekundu, akauliza: imembainikia nani? Wallahi sikuwa na jawabu, maana wewe ulikwisha kuliona jambo hilo na kulishika kwa vidole kabla mimi sijajua kusoma.

Jioni ile nilipita mtaa wa Albemarle, ilipo Royal Institution, ambamo Michael Faraday, aliyeanza maisha kwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu kabla ya kuwa mwanasayansi mashuhuri, aliwafasiria vijana elimu ya kemia kwa mshumaa mmoja, katika majira ya Krismasi ya 1860. Tendo lake moja nimelijaribu chumbani kwangu: ukiuzima mshumaa, ukauwahi ule moshi mweupe kwa kijiti cha kibiriti kiwakacho kabla haujatawanyika, moto hushuka kwa njia ya moshi hadi utambini, nawe hukuugusa utambi, ndipo mtu afahamupo kuwa kinachowaka ni mvuke wa nta. Jina la kitaalamu likija baada ya hapo, hukuta maana imekwisha kukaa kitako.

Basi ukurasa nimeuandika upya, kwa Kiswahili, nikianzia pale usimamapo wewe: maji machache ya bamvua yakipata moto juani, mwani hudhoofika, bakteria, ambao macho hayawaoni, wakapata upenyo, sehemu zake zikageuka nyeupe, ukakatika na kuchukuliwa na mkondo; na aina ya kotonii, muipendayo kwa bei yake, huwahi kuharibika kuliko ile ya spinosumu.

Nimeutia ukurasa huo humu. Tafadhali mwambie mdogo wangu awasomee kwa sauti siku ya kufunga mbegu, na kila mahali mtakapomkatiza kuuliza, atie alama ya kalamu, kisha anirudishie.

Ni mimi mwanao.