Kabla ya Kupiga Hodi

Mwana akipata diploma ya Serikali, nyumba yote hufurahi. Majirani huja, poda nyeupe humwagwa kichwani mwake, na wadogo zake humwimbia. Lakini furaha hiyo haikai siku nyingi. Juma halijaisha, wazazi waanza kumwuliza: "Basi, utaanza lini kutafuta kazi?" Swali hilo ni la haki. Hata hivyo sisi twaona kwamba yafaa litanguliwe na lingine: "Umejitayarisha namna gani?" Kwa maana kutafuta kazi ni kazi, nayo ina ufundi wake.

Wazee wengi wa hapa Lubumbashi hawakufundishwa ufundi huo, wala hatuwezi kuwalaumu. Babu zetu hawakutafuta kazi. Kazi iliwatafuta wao. Mwaka 1910 iliundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kuyapatia makampuni wafanyakazi. Watu wake walizunguka vijijini kukusanya vijana, na wengi walichukuliwa pasipo kupenda. Toka mwaka 1928 Union Minière ilishika desturi nyingine: ilitaka wafanyakazi wakae miaka mingi, pamoja na wake na watoto wao. Kambi zikajengwa, na shule, na hospitali. Mtoto wa kambi alisoma katika shule ya kampuni, na mara nyingi aliingia karakana ile ile ya baba yake. Hata baada ya mwaka 1967, mali hiyo ilipokuwa ya Taifa, desturi hiyo iliendelea katika Gécamines. Halafu, kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari", uliolipwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Marehemu mdogo wetu alikuwa mmoja wao. Hivyo mwanawe, aliyepata diploma ya umeme mwaka jana, ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kupiga hodi mlangoni pa watu asiojulikana kwao.

Mama yake ni mshonaji. Siku chache baada ya matokeo, alitujia na shauri. Mtu mmoja alimwahidi kwamba kijana ataandikwa kazi katika migodi ya Kolwezi, mradi zilipwe dola 300 kabla ya mwisho wa mwezi. Mama alikuwa tayari kuuza cherehani yake. Tuliuliza: mtu huyo afanya kazi ofisi gani? Hakutaka kusema. Je, atatoa karatasi ya kupokea fedha? Hapana. Kijana akatwambia kwa adabu: "Baba mkubwa, wengine wote wanalipa. Mkikataa, mimi nitabaki nyumbani." Hakika maneno yake yalituuma, kwani hatukuwa na kazi ya kumpa mahali pa ile. Lakini tulipiga hesabu pamoja mezani. Cherehani ile yalisha watu watano, nayo yalipa masomo ya wadogo wawili. Yule mtu auza mlango usio wake. Siku ukikosa kufunguka, utamshtaki wapi? Cherehani haikuuzwa. Ila tulimwambia kijana kwamba, kwa kuwa tumemfungia njia ile, ni wajibu wetu kutembea naye katika njia nyingine. Tukatenga majuma matatu ya matayarisho.

Juma la kwanza lilikuwa la karatasi. Tulizitandaza zote mezani: cheti cha kuzaliwa, diploma, na karte ya mchaguzi, ambayo kwetu imetumika miaka mingi kama kitambulisho. Tukaona jina lake limeandikwa namna mbili: penye "w" karte ilikuwa na "u". Ni herufi moja tu, lakini karani asiyekujua aweza kudhani ni watu wawili. Shida hii ni ya nyumba nyingi. Majina yetu ni matatu. Tena mwaka 1972 Serikali ilipokataza majina ya kikristo, watu wengi walibadili majina, na wengine hata leo wana karatasi zisizopatana. Kusahihisha kwachukua siku nyingi na safari nyingi. Heri kulifanya jambo hilo kabla kazi haijaonekana, kuliko kulifanya siku ofisi inapokungoja.

Juma la pili tulimpa karatasi nyeupe, tukamwomba aandike mambo anayoyaweza. Aliandika neno moja: "Umeme." Tukamwuliza: "Umeme upi, mwanangu?" Ndipo alipoanza kufikiri. Aweza kutandika nyaya katika nyumba ya vyumba vitatu. Aweza kutafuta mahali waya ulipokatika. Alisaidia kufunga taa za jua katika zahanati moja. Lakini mota ya fezi tatu, aliyoichora vizuri katika mtihani, hakupata kuigusa hata siku moja. Kujua hivyo hakukuwa aibu. Kulimwonyesha mahali pa kuongeza maarifa. Alikwenda kuuliza habari za mafunzo ya INPP, chuo cha Taifa cha ufundi, ambacho kimefanya kazi toka mwaka 1964. Pia fundi mmoja wa jirani alikubali amsaidie siku za Jumamosi bila mshahara, mradi aruhusiwe kufungua mota mbovu.

Juma la tatu lilikuwa la mashahidi na la maandishi. Alirudi zahanatini akaomba barua ya kushuhudia kazi aliyoifanya. Hapa twataka kuwakumbusha na wale waliokwisha kufanya kazi: Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 yamwagiza mwajiri kutoa, mwishoni mwa mapatano, cheti kinachoonyesha aina ya kazi na muda wake. Msiondoke bila cheti hicho. Kisha kijana aliandika kwa Kifaransa maelezo ya masomo na kazi yake, ukurasa mmoja, bila sifa za bure. Alijiandikisha katika ONEM, ofisi ya Taifa ya kazi iliyoanzishwa mwaka 2002. Akaandika pia milango ishirini ya kubisha: viwanda vya unga, karakana, hoteli, hospitali zenye mitambo ya umeme. Migodi peke yake haiwezi kuajiri vijana wote wa Katanga.

Mwisho tulimfundisha kusoma kabla ya kutia sahihi. Muda wa kujaribiwa lazima uandikwe, nao hauwezi kupita miezi sita. Kwa kibarua asiye na ufundi ni mwezi mmoja. Asiyejua hivyo aweza kujaribiwa mwaka mzima.

Je, matayarisho haya yaleta kazi? Hatutaki kuwadanganya vijana. Wako waliojitayarisha vema na bado wangoja. Wa kwetu amekwisha kubisha milango kumi na mmoja. Saba walimkatalia, wawili walipokea karatasi zake bila jibu, mmoja alimwambia arudi, na mwenye tanuri la mikate alimpa siku tatu za kubadilisha nyaya. Siku hizo tatu alilipwa, naye aliondoka na barua nyingine ya ushuhuda. Nauli yake ya basi yatoka katika cherehani ile ile ya mama.

Kwa hiyo, ninyi wazazi, msimngojee mwana jioni mlangoni na swali la "Umepata?" Swali hilo, likirudiwa kila siku, humfanya akimbilie mwuzaji wa milango. Mwulizeni ameona nini, nani amempokea, kesho atakwenda wapi. Na ninyi vijana, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Msione haya kuinama juu ya karatasi zenu na juu ya mota mbovu ya jirani. Hakuna ajuaye siku mlango utakapofunguliwa. Lakini siku hiyo mtaulizwa mnaweza nini, na jibu laanza kutengenezwa leo.