Saa 15 Kati ya 182

Jumapili moja ya mwezi wa Machi niliegesha gari Gerezani, mbele ya nyumba anayoishi mama yangu mdogo, nikashuka kumwamkia kabla ya kuendelea na safari yangu ya uwanjani. Mfuko wa fimbo za gofu ulikuwa umelala kwenye kiti cha nyuma, vichwa vya fimbo vikionekana dirishani. Gereji zilikuwa zimefungwa, na mtaa ulikuwa na ule ukimya ambao Gerezani huupata asubuhi moja tu katika wiki. Chini ya mwarobaini wa pale konani watu kama kumi walikuwa wamelizunguka bao la drafti, kete zake vizibo vya soda: za huyu zimelala kifudifudi, za yule chali. Aliyekuwa akicheza ni mzee mmoja mstaafu wa reli, rafiki wa marehemu baba yangu, ambaye tangu utotoni namwita baba mdogo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, Daktari. Naona unakwenda kukipiga kile kimpira chako. Umeshakijua?"

"Bado najifunza."

"Mwaka wa ngapi huu?"

"Wa tatu."

Alisogeza kete bila kuniangalia. "Na kwa wiki unajifunza saa ngapi?"

Nikamwambia ni kama saa saba. Nakiri kwamba nililitaja jibu hilo kwa fahari kidogo, kama mtu anayetaja idadi ya rakaa zake za usiku. Mzee akala kete mbili za mpinzani wake kwa mpigo, akaziweka pembeni. "Saa saba kila wiki, mwaka wa tatu, na bado hukijui. Basi mwanangu, ama kimpira hicho kina jini, ama hizo saa si saa."

Kijiwe kizima kilicheka. Nami nilicheka, lakini neno lile lilinifuata hadi shimo la kumi na nane.

Kwa kuwa kazi yangu ni utafiti, na ugonjwa wa watafiti ni kuhesabu, jioni ile nilinunua daftari dogo. Kwa wiki 26 zilizofuata niliandika kila dakika niliyoitoa kwa ajili ya gofu, tangu kufunga mlango wa nyumba hadi kuufungua tena. Jumla ilikuwa saa 182, yaani saa saba kwa wiki kamili. Sikuwa nimemdanganya mzee. Ila nilipozichambua nilikuta saa 61 nilizimaliza barabarani, nikiwa nyuma ya magari ya wenzangu. Saa 84 zilikuwa za kucheza mizunguko 20 ya mashimo kumi na nane. Saa 22 zilikuwa za kukaa na wenzangu baada ya mchezo, tukijadili mchezo, mishahara na uteuzi uliotangazwa usiku uliotangulia. Mazoezi, kwa maana ya kusimama mahali pamoja na kurudia jambo moja ili nilifanye vizuri kuliko jana, yalikuwa saa 15. Ukizigawa kwa wiki 26 unapata dakika 35 hivi kwa wiki.

Na hata hizo 15 zina aibu yake. Saa 12 nilizitumia kupiga fimbo ndefu, ile inayoupeleka mpira mbali na kuwafanya watu wageuke kukutazama. Saa tatu tu nilizitumia kuusukuma mpira shimoni. Ndugu msomaji usiyeujua mchezo huu, hebu fikiri: uwanja wa kawaida hupangiwa mikwaju 72, na katika hesabu hiyo kila shimo limetengewa mikwaju miwili ya kusukuma mpira ukiwa tayari umefika kwenye nyasi fupi. Mashimo 18 mara mbili ni 36. Nusu ya mchezo iko pale, kwenye mkwaju mfupi usio na kelele, nami niliipa moja ya tano ya mazoezi yangu.

Matokeo ndiyo yaliyostahili. Mchezaji wa ridhaa hupimwa kwa handikapu, ambayo kwa lugha nyepesi ni mikwaju anayosamehewa ili aweze kushindana na aliye bora kuliko yeye. Mfumo wa dunia ulioanza kutumika mwaka 2020 huitazama mizunguko yako 20 ya mwisho na kuchukua 8 iliyo bora; siku zako mbaya zinasahauliwa. (Laiti mitihani yetu ingekuwa na huruma hiyo.) Nilianza daftari nikiwa na handikapu ya 28. Nusu mwaka baadaye, pamoja na huruma yote hiyo, nilikuwa na 27.

Wasomi wenzangu nikiwasimulia, wengi hunijibu kwa ile hesabu maarufu ya saa elfu kumi. Hesabu hiyo ilitokana na makala ya mwaka 1993 ya mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake wawili, waliowachunguza wanafunzi wa fidla jijini Berlin. Kitabu cha Malcolm Gladwell cha mwaka 2008 kikaisambaza duniani kote kama kanuni. Ericsson hakuipenda kanuni hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba wingi wa saa haumfikishi mtu mbali kama hakuna mwalimu anayeliona kosa, akalitaja, akakupa zoezi la kulirekebisha, kisha akakutazama tena. Wapo pia waliompinga yeye mwenyewe: uchambuzi mmoja wa mwaka 2014, uliokusanya tafiti nyingi, ulikuta kwamba katika michezo mazoezi ya namna hiyo yanaeleza asilimia 18 tu ya tofauti za uwezo kati ya watu. Katika elimu, asilimia 4. Mbishano huo haujaisha, nami sitauamua hapa.

Yupo mtu aliyeamua kuipima kanuni kwa mwili wake. Mwezi Aprili 2010, Dan McLaughlin wa Portland, Marekani, mpiga picha wa umri wa miaka 30 ambaye hakuwa mchezaji wa gofu, aliacha kazi na kuazimia kufanya mazoezi kwa saa elfu kumi ili awe mchezaji wa kulipwa. Kwa miezi ya mwanzo alisukuma mpira shimoni tu, akirudi nyuma hatua kwa hatua, kabla ya kushika fimbo ndefu. Alifika handikapu iliyo chini ya 3, jambo ambalo wachezaji wengi wa ridhaa hawataliona maishani. Mwaka 2015, akiwa amepita saa elfu sita, mgongo ulimsimamisha. Wengi humtaja kwa kushindwa kwake. Mimi huvutiwa na sentensi moja ndogo katika habari yake: aliishi kwa akiba. Yaani kabla ya kununua fimbo alikwisha kununua muda.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la gofu peke yake. Toka Gerezani uelekee baharini kwa miguu. Utavuka Mnazi Mmoja, uwanja ambao serikali ya Waingereza iliuacha wazi makusudi ili Kariakoo ya Waafrika isigusane na mitaa ya Wahindi. Ukishaipita mitaa hiyo utafika kwenye viwanja vya Gymkhana, vilivyokaa kati ya mji ule wa katikati na ufuko walikojengewa Wazungu. Viwanja viwili vya wazi, kila kimoja kikiwa ukuta wa majani. Safari nzima haichukui saa moja, lakini nilipokuwa mtoto hakuna hata mmoja wetu aliyeifanya hadi mwisho. Sisi tulikwenda Kidongo Chekundu kucheza mpira wa miguu, na gofu tuliijua kwa kusikia kwamba kuna watu wazima wanaotembea nyuma ya kimpira. Leo mlango umepanuka. Lugalo, uwanja wa jeshi, nao umewaingiza wengi ambao baba zao hawakuwahi kushika fimbo. Lakini neno ridhaa bado lina bei. Ridhaa maana yake hulipwi, na asiyelipwa kwa saa nne na dakika kumi za mzunguko mmoja lazima awe analipwa na kitu kingine. Mimi nalipwa na mshahara wa umma. Kijana anayepanga viatu chini Mtaa wa Msimbazi tangu alfajiri hana wa kumlipia saa hizo, na akili yake ya kupiga hesabu za pembe na upepo ikipotea hatutaijua kamwe.

Anayeipata, aghalabu, huipata kwa mlango wa nyuma. Wachezaji wengi wa kulipwa wa nchi hii walianza kwa kubeba mifuko ya wengine. Kijana anayenibebea mimi hakununua muda, anaufanyia kazi. Amenitazama mizunguko mingi, na kila nikikosea ananiambia kwa adabu, kwa sauti ya chini ili wenzangu wasisikie: "Dokta, umeinua kichwa." Mkwaju unaofuata: "Umeinua tena." Jioni wanachama tukikaa na soda zetu, yeye huchukua fimbo moja ya kuazima na kusukuma mipira shimoni kwa mwanga uliobaki, rafiki yake akiwa amesimama kando kuhesabu na kumkosoa. Siku moja nilimuuliza ananionaje. Akasita, kisha akasema: "Dokta, wewe unacheza sana. Ila kosa lako unalitunza."

Neno hilo lingeniuma kidogo tu kama mwezi wa Juni lisingetokea jambo jingine ofisini. Aliingia mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti mpole, akaweka mezani insha tatu alizoniandikia katika mihula mitatu. Alama zake: 52, 53, 52. "Mwalimu," akasema, "sikuja kulalamikia alama. Nimekuja kuuliza nirekebishe nini." Nilizifungua. Katika insha ya kwanza nilikuwa nimeandika: fafanua zaidi. Katika ya pili: fafanua zaidi. Katika ya tatu hapakuwa na neno, alama tu na sahihi yangu. Na kosa lilikuwa lile lile mara zote tatu, wala halikuwa la kutofafanua. Binti alikuwa akitoa hitimisho kwanza, kisha anakusanya mifano inayolikubali, na mfano unaolikataa anauruka. Kosa la kawaida kabisa, ambalo mtu akilionyeshwa kwa kidole hulitambua. Nililiona kwa dakika nne. Ilimbidi asubiri mwaka mmoja na nusu na kubisha hodi mwenyewe ili nizitoe.

Nilimjibu siku ile, tukazipitia zote. Alipotoka nilikaa nikipiga hesabu, kwa ugonjwa wangu ule ule. Somo lile lina wanafunzi 400. Nikimpa kila mmoja dakika 20 za kusomwa kweli na kuambiwa kosa lake, ni dakika 8,000, yaani saa 133 na ushei. Miaka yote nimesema kwamba haiwezekani, na nimelisema kwenye vikao, na kwenye makala za ukurasa huu huu nimelaumu bajeti, uwiano wa walimu na wanafunzi, sera. Naendelea kulaumu, darasa la watu 400 ni dhambi ya kisera na hakuna uzalendo wa mwalimu mmoja utakaoiosha. Lakini wiki 26 zilipotimia, daftari la gofu lilikuwa mezani pale pale, na lilisema 182.

Sikuacha gofu. Nitakuwa mnafiki nikiwaambia kwamba niliuza fimbo. Daktari wangu anaupenda ule mwendo wa miguu kuliko ninavyoupenda mimi. Nilichofanya ni kupunguza insha za muhula kutoka nne hadi mbili, na ya pili ni ile ya kwanza iliyoandikwa upya baada ya kukosolewa. Mzunguko wa katikati ya wiki nimeuondoa. Saa zake, pamoja na zile za foleni, zimekwenda kwenye insha. Hadi leo nimesoma 147, na mkono unauma mahali ambapo fimbo haikuwahi kuuumiza. Baadhi ya wanafunzi wamenilalamikia kwamba sasa nasahihisha kwa ukali. Mwenzangu mmoja ameniuliza, kwa wema kabisa, kama nina habari kwamba dakika hizo hazihesabiki katika kupandishwa cheo. Ninazo.

Jumapili iliyopita nilipita tena Gerezani, safari hii nikiwa na muda. Nilimwomba baba mdogo tucheze. Hoja ya tatu tu, kabla sijaiachia kete, kijiwe kizima kikapiga kelele: "Ah, Daktari!" Mtoto wa miaka kama kumi, aliyekuwa ameegemea baiskeli, akanionyesha kwa kidole njia ambayo mzee angepita: moja, mbili, tatu, kisha anaibuka na kingi. Nikairudisha kete mahali pake. Mzee akaniruhusu. "Anza hapo hapo," akasema. "Wewe ulidhani nini?"