Wingu Katika Karatasi

Mtawa wa Kibudha wa Vietnam, Thich Nhat Hanh (1926–2022), alifundisha kwamba anayeitazama karatasi kwa makini huona wingu ndani yake: pasipo wingu hapana mvua, pasipo mvua hapana mti, na pasipo mti hapana karatasi. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza, niliyaona kuwa mchezo wa maneno tu. Nasi wanafunzi wa fasihi tunaipenda mno michezo hiyo.

Muhula uliopita nilifungua kijitabu cha mtihani, nikaikumbuka mikaratusi mitatu iliyokuwa nyuma ya jiko la mama. Baba aliiuza ili kunilipia karo ya mwaka wa kwanza. Kivulini mwake mama alikuwa akichambulia mboga, na mbuzi wa jirani walijipumzisha hapo bila kufukuzwa. Sikuwahi kushukuru, mtu wala mti.

Likizoni niliviendea visiki. Vilikuwa vimechipua, machipukizi yakinizidi kimo. Nikaweka kiganja juu ya gome, nikakosa la kusema. Baba alinikuta pale, akayakadiria kwa macho, akatamka jina la mdogo wangu, ambaye mwakani atamaliza kidato cha nne.